Tumalizane Nyumbani

Saa kumi na nusu alfajiri Khavere huwa ameshavaa koti la marehemu mumewe, amejifunga kitambaa kichwani na kushika mchi. Kinu kilipasuka miaka mingi iliyopita, ukabaki mchi peke yake, na siku hizi mchi huo una kazi moja tu, nayo ni kumsindikiza bintiye Nasambu hadi stejini, kwenye kituo cha matatu. Nasambu hufanya zamu ya asubuhi katika kiwanda cha mikate. Kati ya mlango wao na steji kuna kichochoro cha hatua kama mia mbili, upande huu ukuta wa chekechea, upande ule mgongo wa soko la Jericho, na hakina taa hata moja. Zamani kilikuwa nayo. Kwanza iliibwa balbu, kisha waya, kisha mlingoti wenyewe ukang'olewa mchana kweupe na watu waliokuja na ngazi na makoti ya kung'aa. Mzee Mativo wa nyumba ya pili aliwaletea hata maji ya kunywa.

"Mtu mzima na akili zangu, natembea na mchi gizani kama mchawi," Khavere hulalama kila alfajiri.

"Si uniache tu niende solo, mathe?"

"Solo ndiyo iliyokupotezea pochi mwezi wa kwanza."

"Basi nikiibiwa tena nahama. Nishakuambia. Kuna msee wetu wa kazini ako na nyumba Kayole, steji iko hapo mlangoni kwa Spine Road. Tutashare na yeye."

Hapo Khavere hunyamaza, na kumnyamazisha Khavere si kazi ndogo. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, baba yake alipokuwa mfagiaji wa baraza la jiji. Aliolewa akitokea hapo, mumewe akaja kuishi naye hapo, na jeneza lake likatokea mlango huohuo kuelekea kwao Webuye. Kati ya watoto watatu amebaki Nasambu peke yake, aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba pamoja na ukali wake wote. Nasambu akienda Kayole, Khavere atabaki na cherehani. Cherehani haimuulizi mtu kama amekula.

Na aibu kubwa zaidi ni kwamba Khavere ndiye mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Kwa miaka tisa kamati hiyo ya usalama ya majirani imekuwa mikononi mwake. Usalama wa laini nzima, yaani safu yao yote ya nyumba, ni kazi yake, na yeye mwenyewe hawezi kumfikisha mtoto stejini bila silaha ya jikoni.

Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Khavere angependa kujua ni nani huwa anahesabu, kwa sababu katika laini yao mwizi hujulikana kabla ya chai ya saa nne na bado mwaka unakwisha akiwa anatembea. Watu wa pale wamejuana tangu enzi za babu zao. Ukiibiwa sufuria, unajua ni nani amekosa sufuria. Kwa hiyo mwenye mali hakuwa anakwenda polisi, alikuwa anakwenda kwa Khavere. Khavere aliacha nguo ya watu chini ya sindano, akaenda kwa mama wa mwizi, mama akalia, kitu kikarudi, au kitu kinachofanana nacho, pamoja na unga pakiti mbili na kilo ya sukari. Maji yakawekwa jikoni. Wakanywa chai pamoja, aliyeibiwa na mama wa aliyeiba, Khavere akaomba sala fupi, kisha akatoa daftari lake la kurasa themanini na kuandika: Tumemalizana nyumbani.

Usidhani alikuwa anafanya hivyo kwa ujinga. Miaka kumi na mbili nyuma aliona kijana akiuawa kwa mawe pale mbele ya soko kwa ajili ya jozi moja ya viatu. Waliomuua walikuwa watu anaowashonea sare za watoto. Polisi nao walipokuja walikuja na bunduki, wakauliza maswali mawili wakaondoka. Siku hiyo Khavere aliapa kwamba mtoto wa laini yao hatafia mikononi mwa umati wala kwa risasi, maadamu yeye yuko hai na maji yanaweza kuchemka. Kiapo kilikuwa kizuri, na amekitimiza.

Kisha ikaja habari ya taa.

Naibu wa chifu aliitisha baraza katika ukumbi wa mtaa. Aliandamana na ofisa mmoja mwembamba, mwenye tableti na sauti ya upole ya mtu asiyewahi kupanga foleni. Walikuwa wameleta habari njema, ati mtaa utapata taa moja ndefu ya mulika mwizi, ile inayomwaga mwanga laini nzima hadi unaweza kuokota sindano. Swali lilikuwa ni laini gani itakayopewa. Ofisa alitazama tableti yake, akatabasamu.

"Laini ya tatu, nyinyi hongereni. Mko salama sana. Mwaka mzima mmekuwa na tukio moja tu. Mbuzi aliyepotea."

"Na mbuzi mwenyewe alirudi," akasema Luseno fundi viatu, mwenye mbuzi.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Khavere hakucheka. Alisimama, tepu ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Salama? Wewe kijana, umekuja na gari?"

"Ndiyo, mama."

"Enda nje uangalie vioo vya pembeni, halafu urudi utusomee tena."

Masikini ofisa alikwenda kweli. Alirudi akasema vioo viko. Khavere aliona hata wezi wa mtaa huo hawana msaada wowote mtu anapowahitaji.

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa," ofisa akasema. "Mtu akiibiwa na asiende kituoni apewe nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kwetu sisi hajaibiwa. Taa inaenda penye nambari nyingi. Mna hadi Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni."

Khavere alitoka pale amevimba. Mtu ameng'olewa mlango hadi bawaba, halafu anaambiwa hajaibiwa! Lakini kesho yake alifunga cherehani na kuanza kupita nyumba kwa nyumba, kwani kama ni nambari wanataka, atawapa nambari hadi wachoke.

Alianza kwa Mzee Mativo, karani mstaafu ambaye siku hizi huchonga twiga wa mbao na kuwapeleka soko la Kariokor kuuza. Twiga saba walitoweka barazani kwake mwezi wa tatu.

"Mzee, vaa viatu twende kituoni. Twiga wako waliibwa."

"Walirudi."

"Walirudi wanne!"

"Khavere," Mzee Mativo akasema akipuliza vumbi la mbao, "siku ile ulikaa kiti hicho, ukanywa chai, ukaniambia nisamehe. Nikasamehe. Sasa nikawaambie polisi nini? Kwamba msamaha umeisha muda?"

Mbeti, muuza chapati, aliibiwa mtungi wa gesi. Naye alikuwa akisukuma unga, hakuinua kichwa.

"Si nilirudishiwa mwingine."

"Wa rangi ileile?"

"Rangi nyingine."

"Basi huo umeibwa kwa mtu mwingine, Mbeti!"

"Ndiyo maana siendi polisi."

Luseno alimwambia yeye ameshatimiza wajibu wake, mbuzi yuko kwenye kitabu, asisumbuliwe. Wengine walisema kituoni wataombwa kitu kidogo, wengine wakasema hawana nafasi, na karibu kila mlango ulimalizia kwa maneno yaleyale: "Lakini si wewe ndiye ulituambia tusipeleke mambo yetu huko?"

Mchana huo Khavere aliketi mbele ya cherehani na kufungua daftari lake la Nyumba Kumi. Alihesabu kesi thelathini na moja. Nguo kwenye kamba, redio, kuku, mitungi, mita ya maji, twiga. Jina la Ndete, mwana wa Kavinya wa nyumba ya nne, lilitokea mara sita. Chini ya kila kesi kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa herufi zilizolala upande mmoja: Tumemalizana nyumbani. Ofisa hakuwa amedanganya. Takwimu zile za mbuzi mmoja alizishona Khavere, mshono kwa mshono, kwa miaka tisa. Alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kukosa mtu mwingine wa kumkasirikia.

Hata hivyo alilibeba daftari hadi kituoni. Afande wa kaunta alilipekua kwa kidole kimoja.

"Mama, hizi kesi zimeisha."

"Zimeisha vipi na watu waliibiwa?"

"Umeandika mwenyewe hapa, mmemalizana. Kesi iliyoisha siandiki. Niletee mtu aliyeibiwa, aje mwenyewe, na kesi ambayo haijaisha."

Alirudi nyumbani akisema peke yake barabarani, hadi muuza maji mmoja akampisha njia.

Ijumaa ya mwisho ilifika laini ya tatu ikiwa na mbuzi wake mmoja. Alfajiri hiyo magoti ya Khavere yalikuwa yamekaza kwa baridi. Nasambu alimwona mama yake amelala, akamwonea huruma, akatoka polepole bila kumwamsha. Baada ya robo saa alirudi akichechemea, goti limechubuka, hana mkoba wala simu.

"Amenitolea kisu," akasema. "Ni Ndete."

"Umemwona uso?"

"Alikuwa amejifunika. Lakini mi nilipiga nduru, akasema, 'Nasa, ni wewe? Pole.' Nani mwingine huniita Nasa? Mathe, jamaa ameniambia pole, halafu akachukua simu!"

Khavere hakujua kama alie au amtafute Ndete amfundishe adabu. Ndete ana miaka ishirini na minne sasa. Aliimba na Nasambu Sunday school, wameshiba sahani moja mara zisizo na idadi. Mara sita Khavere amemwombea msamaha kwa watu, na mara zote sita Ndete aliinamisha kichwa na kusema asante, mama.

Saa nne asubuhi Kavinya alikuja. Laini nzima ilijua atakuja, na ndiyo maana kila mtu alikuwa amepata uchafu wa kufagia mbele ya mlango wake. Kavinya huuza mboga sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Mume wa Khavere alipofariki, ni yeye aliyesugua sufuria za matanga wiki nzima bila kuombwa. Alisimama mlangoni na mfuko mkononi na leso iliyofungwa fundo. Ndani ya leso mlikuwa na simu. Ndani ya mfuko mlikuwa na unga pakiti mbili na sukari.

"Hata chaji bado iko," akasema Kavinya. "Mkoba nao nitaupata. Dada yangu, nakuomba. Tumalizane nyumbani."

Mkono wa Khavere ulikwenda kwenye sufuria ya chai. Haukuulizwa, ulikwenda wenyewe, maana ndivyo ulivyozoea. Alikuwa ameshachota maji aliposikia sauti ya Nasambu nyuma yake.

"Unapika chai?"

Khavere alinyoosha mkono kutafuta kiberiti.

"Mathe, nauliza. Unapika chai? Kisu nimeonyeshwa mimi, si wewe."

Mzee Mativo, aliyekuwa akifagia mahali palepale tangu saa tatu, alisema bila kumtazama mtu, "Mkuki kwa nguruwe mtamu."

Khavere aliweka sufuria chini. Akamgeukia Kavinya.

"Chukua unga wako. Tunaenda kituoni."

"Watampiga risasi, Khavere. Si wewe ulikuwa unasema hivyo?"

"Nilikuwa nasema."

"Twiga wa mzee ulisamehe. Gesi ya Mbeti ulisamehe. Kwa hivyo vya wenzako ndivyo vilikuwa vya kusamehewa?"

"Ndiyo," Khavere akasema. "Nilikuwa mkarimu kwa mali ya watu. Nimekosa, na leo nawaomba radhi wote wanaofagia hapo nje. Lakini kituoni naenda."

Alikwenda. Afande wa kaunta alimtambua, akauliza kama kesi hii haijaisha. Nasambu alijibu kwamba haijaanza hata. Waliandikiwa nambari ya OB kwenye kipande cha karatasi kidogo kuliko tiketi ya basi, na alipoulizwa kama mshukiwa anajulikana, Nasambu alimtazama mama yake. Khavere ndiye aliyelitamka jina. Alilitamka kamili, na jina la ubatizo, kama alivyozoea kuliita katika sala.

Mambo hayakuisha hapo. Khavere alikataa katakata kuondoka kituoni bila polisi, kwani alijua habari imeshatangulia, na mtaa ukishajua mwizi ametajwa kwa polisi, huona kama umepewa ruhusa ya kumpiga. Hakukosea. Walipofika na polisi, watu thelathini hivi walikuwa mbele ya nyumba ya Kavinya, na wawili walikuwa wameshika mawe. Khavere alipita kwake kuchukua mchi, akasimama mlangoni pa Kavinya.

"Wa kwanza kurusha, nitamjua na mama yake pia!" akapiga kelele. "Tangu lini mmekuwa na uchungu na twiga? Nimewabembeleza siku nane muende kituoni mseme, mkaniambia hamna nafasi. Ya kuua mtu mmepata?"

Ndete alitolewa akiwa mzima, pingu mikononi, macho chini. Alipopita karibu na Khavere alisema, "Asante, mama," kwa mazoea tu, na Khavere alitamani kumzaba kofi.

Alasiri Mzee Mativo alivaa viatu. Mbeti alimfuata, amebeba mtungi wa rangi nyingine, akisema liwalo na liwe. Hapo laini ya tatu ikawa na nambari nne, ukimhesabu mbuzi.

Laini iliyo nyuma ya kanisa ilikuwa na kumi na moja. Saa kumi na moja jioni ofisa alitangaza kwamba taa inakwenda huko. Kisha akamfariji Khavere kwa sauti yake ya upole kwamba wamejitahidi sana, na mwaka ujao waanze mapema. Alisema hivyo kana kwamba wizi ni mahindi, unapandwa kabla ya mvua. Khavere alikuwa amechoka kiasi kwamba hata tusi lingehitaji nguvu.

Jumamosi yote na Jumapili yote Nasambu hakutaja Kayole. Hakusema anahama wala hakusema anabaki. Kanisani, kiti cha Kavinya katika kwaya kilikuwa kitupu, na akina mama wawili walimsalimu Khavere kwa ncha za vidole. Khavere aliimba kwa hasira wimbo mzima.

Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri alivaa koti, akafunga kitambaa, akashika mchi. Nasambu alitangulia na tochi. Mdomoni mwa kichochoro waliona mtu amesimama, na Khavere akainua mchi juu kabla mwanga haujamfikia. Alikuwa Kavinya. Amejifunika leso mbili, ana thermos kifuani na kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Unafanya nini hapo?" Khavere akauliza kwa ukali.

"Leo wanampeleka kortini. Lori la polisi linatoka mapema. Nilitaka anywe chai kwanza."

"Basi si uende?"

Kavinya alitazama kichochoro. "Naogopa kupita hapo."

Neno lilimjia Khavere mdomoni, kali na tamu, kwamba wa kuogopwa si yuko ndani? Nusu yake ilimponyoka. "Unaogopa nini, na Ndete si..."

"Kwani ni yeye peke yake?" Kavinya akasema.

Wakasimama hapo wote watatu, na giza lilikuwa lilelile la Ijumaa. Nasambu alivuta pumzi kama mtu aliyechoshwa na dunia na kila aliyemo. Akampa mama yake tochi, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo thermos, anti. Utajimwagia." Akaipokea, akaikumbatia kwa mkono mmoja, akaanza kutembea. "Mtu ananiibia, halafu mimi ndiye nambebea chai. Huu mtaa, wallahi."

"Angalia mbele, kuna shimo," Khavere akamwambia Kavinya, akabana mchi kwapani, akamshika mkono, wakaingia.